Vidole vya Kilimia

Amri ya kwanza niliyoitafsiri katika kambi ile ilikuwa ya kuzima moto. Watu walikuwa bado na mizigo vichwani. Walikuwa wamevuka mto Sabaki kutoka ukingo wa kaskazini, ambako serikali ilikuwa imechoma nyumba zao kwa kuwa walikataa kuhama, na watoto walikuwa na masizi usoni mpaka siku ile. Bwana wa kambi, Mzungu kijana mwenye masharubu membamba, alipanda juu ya sanduku akasema, nami nikayageuza maneno yake kwa Kigiriama: tangu jua kutua mpaka jua kuchomoza, hakuna moto. Si wa kupikia, si wa kuota, si wa kibatari. Na ndani ya vibanda, hakuna moto hata mchana. Alihofia kwamba mioto ingewapa ishara wale waliobaki ng'ambo ya mto. Atakayewasha atachapwa.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele kabisa, mwembamba, amemshika mjukuu mkono, akaniuliza, "Na mtoto akiugua usiku nitamwona kwa mwanga gani?"

Nikamtafsiria bwana. Bwana akasema angoje asubuhi. Nikamwambia bibi angoje asubuhi. Hakumtazama bwana. Alinitazama mimi.

"Wewe una mama?" akaniuliza.

Swali hilo sikulitafsiri.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa Malindi, mji wa kale, nikasoma chuoni, kisha nikajifunza hati ya Kizungu kwa padri mmoja. Kigiriama nilikipata shambani kwa mjomba wangu nikiwa mdogo. Kwa hiyo nilifaa: mtu mmoja, kazi mbili, karani na mkalimani. Nilipewa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, nikakipiga mistari mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza, nambari ya kibanda. Safu ya pili, waliomo. Safu ya tatu, wapo au hawapo. Safu ya nne, hali ya hewa, kwa sababu bwana alitaka kujua mvua zimenyesha lini na upepo umetoka wapi. Kila asubuhi nilizunguka vibanda vyote, nikiita na kuandika. Nasema haya bila kujisifu: kitabu kile kilikuwa kisafi. Hakikuwa na doa la wino. Nilikipenda, na kukipenda kwangu ndiko kulikoleta maafa.

Giza la kambi lilikuwa na watoto wengi kuliko nilivyodhani mahali padogo namna ile paweza kubeba. Mgiriama analala na moto. Moto uko katikati ya nyumba, na juu yake kuna uchaga, na juu ya uchaga kuna mbegu za mwaka ujao, zinafukizwa moshi miezi yote ili fukusi wasizitoboe. Mtoto akiamka usiku huona kaa jekundu akajua yuko kwao. Hapa waliamka wakaona weusi mtupu. Akianza mmoja kulia kibanda cha kwanza, kilio kilipita mstari mzima mpaka cha mwisho. Askari walipiga kelele za kuwanyamazisha, na hizo zikawa kilio cha pili.

Mwenye kuleta nafaka kambini alikuwa Baniani mmoja wa Malindi, mwenye duka la misumari, kamba na sufuria. Mtu mnene wa makamo, mwenye mvi za kope. Jioni moja gurudumu la mkokoteni wake lilivunjika, akachelewa, giza likamkuta. Alikaa juu ya magunia yake akisikiliza vile vilio. Mwishowe akaniambia, "Bwana karani, hawa wanalilia nini?"

"Wanaogopa giza."

"Giza?" Akaelekeza kidole juu. "Giza gani? Mbona taa zote zimewashwa?"

Ni kweli. Kwa kuwa hapakuwa na moto hata mmoja, mbingu ilikuwa imejaa kiasi kwamba mtu aliona vizuri kuliko mjini.

Juma lililofuata alirudi na darubini. Ilikuwa ya shaba, ndefu kama mkono wangu, aliinunua mnadani pamoja na mabaki ya meli iliyopanda mwamba, na miguu yake mitatu alichongewa na seremala kwa mti wa mvule. Alikwenda mwenyewe kumwomba bwana ruhusa ya kuwaonyesha watoto nyota, jioni mbili kila juma, baada ya chakula, bila malipo. Mimi nilisimama katikati kutafsiri ingawa Baniani alijua Kiswahili vizuri kuliko bwana. Bwana alicheka. Alisema nyota hazili posho, basi na watazame.

Tulianza na watoto wanane. Juma la pili hawakuhesabika. Walipanga safu, wakasukumana, wakatukanana, na mimi nikasimama mwisho wa safu nikitafsiri vitu ambavyo sikupata kufundishwa maneno yake.

"Nauona! Mwezi una mashimo!"

"Mashimo ya nini?"

"Ya panya."

"Panya watakula nini huko juu?"

"Wanakula mwezi. Huoni unavyopungua?"

Baniani alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa hana watoto. Aliwafundisha kutogusa kioo, kushika pumzi, kufumba jicho moja bila kukunja uso. Aliwaonyesha nyota ya Suheli upande wa kusini, na zile nyota nne zinazosimama kama kishada. Kisha watoto walikwenda kulala, na wale waliotazama hawakulia. Niliandika hilo katika safu ya nne, kwa kuwa sikuwa na safu nyingine: *Anga safi. Watoto kimya.*

Yule bibi aliyeniuliza kama nina mama hakuja jioni za kwanza. Mjukuu wake ndiye aliyekuja, msichana wa miaka kumi hivi, mwenye maneno makali kama ya nyanya yake. Baba wa mtoto yule alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani, na mama yake alikufa kabla ya hayo yote. Walikuwa wawili tu katika kibanda chao. Msichana alimwita nyanya yake Hawe, kama Wagiriama wanavyosema, na kambi nzima ikafuata kumwita hivyo, hata mimi.

Jioni moja ya mwezi wa tatu Hawe akaja, amejifunga leso kifuani, akamkuta Baniani anawaonyesha watoto kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana upande wa magharibi.

"Mwambie huyo anayeuza misumari auze misumari," akaniambia. "Kilimia hakihitaji bomba la shaba. Kilimia ni sita, mimi nimezihesabu kabla babake hajazaliwa."

"Hawe, tazama kwanza," mjukuu wake akasema.

"Nitazame nini? Nimezeeka nikizitazama."

"Tazama!"

Akainama, akafumba jicho lile lisilostahili, akakemewa na watoto, akafumba la pili. Alipoinuka alisema neno moja tu.

"Zimezaa."

Tangu jioni ile hakukosa. Na yeye ndiye aliyeleta jambo la vidole.

Mtu yeyote wa pwani anajua Kilimia ni nyota za jembe. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni na sikupata kulifikiria, maana mimi nilikula vya dukani. Hawe alilifikiria. Alisimama, akanyosha mkono wa kulia mbele ya uso, akalaza vidole juu ya mstari wa miti ya mivumo iliyokuwa magharibi ya kambi, akahesabu kutoka vilele vya miti mpaka Kilimia. Viganja vitatu vya vidole vinne vinne, na vidole viwili. Kila siku mbili, akasema, kitapungua kidole kimoja. Kitakapogusa mivumo, mbegu isiyokuwa ardhini haina maana tena: mvua itaiacha changa mno, na jua litaiua kabla haijabeba.

"Sasa muulize bwana wako," akaniambia, "mashamba tutapewa lini?"

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na kila mtu kambini alilijua. Walikuwa wameahidiwa ardhi upande huu wa mto badala ya ile waliyonyang'anywa. Ardhi ilikuwa pale pale, nyuma ya vibanda, pori la vichaka ambalo wanaume wangelifyeka kwa juma moja. Lakini bwana alitaka ipimwe kwanza na mpima ardhi mwenye mnyororo wa kupimia, igawanywe mafungu sawasawa, kila fungu na kigingi, kila kigingi na nambari. Atakayepiga jembe kabla ya mnyororo atachapwa. Mpima ardhi alikuwa Mombasa. Alikuwa akija. Kila nilipouliza, alikuwa akija.

Na mbegu zilikuwa zikifa. Hawe alikuwa amevuka mto na mashuke ya mahindi yaliyofungwa pamoja, na kibuyu cha mtama. Havikuwa juu ya uchaga, kwa kuwa uchaga usio na moto ni fimbo tu. Alikuwa akiyaanika juani mchana, akiyapekua punje moja moja, akimtoa fukusi kwa ukucha. Siku moja alinionyesha kiganja chake. Kilikuwa na unga mweupe uliotoka kwenye mashimo ya punje.

"Huu ndio uji wetu wa mwaka ujao," akasema. "Fukusi wanaunywa wao."

Nilikwenda kwa bwana. Niliuliza kama bibi mmoja aruhusiwe moto mdogo wa moshi, mchana tu, ndani, chini ya uchaga wake. Alisema akimruhusu mmoja atawaruhusu wote. Niliuliza kama wale walio tayari waanze kulima, mipaka ije baadaye. Akaniuliza kama mimi ni karani au wakili. Nikasema karani. Akasema, basi.

Jioni za darubini zikabadilika. Watoto walikuwa bado wanapanga safu kutazama mwezi na Suheli, na Baniani alikuwa bado akiwaletea mabonge ya sukari guru mfukoni, lakini kabla ya yote walipima. Msichana wa Hawe ndiye aliyekuwa mpimaji, kwa sababu mkono wake haukutikisika. Wavulana walitaka zamu.

"Nyie vidole vyenu vinene," aliwaambia. "Mtaumaliza mwaka mara moja."

"Na vyako vyembamba vitauchelewesha!"

"Afadhali uchelewe. Mnyororo haujafika."

Alinyosha mkono, akafumba jicho, kambi ikanyamaza. Watu wazima walikuwa wakitoka vibandani kusikia. Kisha akaitaja hesabu kwa sauti, na watoto wakairudia wote pamoja, na nami nikaiandika. Niliiandika mahali pake, katika safu ya hali ya hewa, kwa kuwa ndiko mambo ya mbingu yalikokaa. *Mawingu kidogo. Vidole kumi. Upepo wa kusi. Vidole tisa. Manyunyu jioni, Kilimia hakikuonekana. Anga safi, vidole saba.* Niliona fahari. Niliona nimeandika jambo la kweli, kwa utaratibu, lisiloweza kubishwa. Nilidhani siku moja bwana atasoma safu ile, aone muda unavyokwisha, na aone haya.

Alisoma. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kukagua kitabu. Kwa kawaida alitazama safu ya tatu tu, wapo, hawapo, akatia sahihi chini. Siku hiyo mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha usiku, akataka kujua tangu lini kulikuwa na mawingu. Nikaona kidole chake kinashuka polepole katika safu ya nne. Kikasimama. Kikapanda juu, kikashuka tena.

"Hii vidole, ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho. Nilinyosha mkono nikamwonyesha. Nilimwambia habari za mivumo, za mbegu, za fukusi. Nilizungumza vizuri, naweza kusema, sijapata kuzungumza vizuri kuliko siku ile.

"Wote wanakusanyika usiku kwa hesabu hii?"

"Jioni, bwana. Watoto."

"Na wakubwa?"

Sikuwahi kudanganya kwa kitabu wala kwa mdomo. "Na wakubwa wanakuja kusikia."

"Wanasema pamoja, kwa sauti?"

"Ndiyo, bwana."

"Leo vidole ngapi?"

"Vinne."

"Siku nane." Akafunga kitabu. "Na siku nane zikiisha wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu, bwana. Ndiyo maana tunaomba mashamba. Wakati wa kupanda utakuwa umekwisha."

"Kila mtu katika nchi hii," akasema, "akitaka kufanya shari husema anataka kulima."

Nimeyapindua maneno hayo kichwani kwa miaka mingi. Ningekuwa nimeyatafsiri vibaya, ningejilaumu kwa ujinga, nikapumzika. Lakini hapakuwa na jambo lolote ambalo halikueleweka. Nilieleza, akaelewa kila neno, akachagua kuogopa, kwa sababu hofu ilimrahisishia kazi. Mtu anayeona watoto wamesimama safu moja wakinyosha mikono kuelekea nyota sita, akaona jeshi, hana tatizo la lugha.

Jioni ile ile askari wanne walikuja katikati ya watoto. Baniani alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa cha hariri. Askari mmoja aliinyanyua darubini na miguu yake yote, kama mtu abebaye mbuzi.

"Polepole!" Baniani akasema. "Hiyo si jembe!"

"Ingekuwa jembe ningekuchapa pia," askari akamjibu, na wenzake wakacheka.

Bwana akatokea na fanusi, moto wa kwanza kuonekana usiku katika kambi ile tangu ilipojengwa. Watoto wadogo waliutazama ule moto, si yeye. Akaniamuru nitafsiri. Jioni za nyota zimekwisha. Mfanyabiashara asionekane tena kambini, nafaka italetwa na mwingine. Mtu yeyote atakayeonekana akihesabu vidole mbele ya mbingu, mkubwa au mtoto, atachapwa fimbo.

Nilitafsiri. Nilitafsiri sawasawa, sikuacha neno. Nilipomaliza, msichana wa Hawe akaniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alijuaje vidole?"

Hawe akalitazama lile jalada jeusi kwapani mwangu.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikuwa tunasema tu. Maneno yanakwenda na upepo. Wewe ulitaka yakae."

Baniani alinisubiri njiani, karibu na mkokoteni. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha hariri. Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza.

"Usiniombe mimi. Mimi nitanunua nyingine, au sitanunua. Waambie wale watoto kwamba Suheli haihitaji kioo." Akapanda juu ya mkokoteni, kisha akageuka. "Na wewe, bwana karani, andika vichache."

Siku ya tatu yake nilipeleka kitabu nyumbani kwa bwana nikamkuta kibarazani, amekaa, miguu juu ya kiti, darubini ya Baniani mbele yake. Alikuwa anatazama bata wa mtoni. Aliniambia ni kioo kizuri sana. Alipohamishwa, mwaka uliofuata, ilikuwa miongoni mwa mizigo yake. Niliiona kwa macho yangu, imefungwa kwa blanketi.

Siku zile nane mvua ilinyesha mara tatu, mvua nzuri, ya kulowesha. Ardhi iliyoahidiwa ilikuwa nyuma ya vibanda, nyeusi, inatoa mvuke asubuhi, haina mbegu hata moja. Wanaume walikaa milangoni wakisikiliza mvua. Hakuna aliyenyosha mkono, lakini kila jioni, mawingu yalipofunguka, niliona vichwa vyote vikielekea upande mmoja. Watoto walipima kwa macho. Msichana wa Hawe alikuwa akikaa mlangoni na mkono umelala pajani, vidole vikijikunja na kujikunjua vyenyewe.

Jioni ya nane nilikwenda kwenye kibanda chao. Mivumo ilikuwa myeusi, na juu yake palikuwa na mwanga kidogo wa kijani. Nilikitafuta Kilimia nikakiona, au nikadhani nimekiona, katikati ya makuti, kisha sikukiona tena. Hapakuwa na askari karibu. Msichana akainuka, akanyosha mkono wake mbele yangu, wazi, kama mtu anayetaka kushitakiwa. Akalaza kidole kimoja juu ya miti. Juu ya kidole hapakuwa na kitu.

"Andika," akaniambia. "Hakuna."

"Mjukuu wangu, mwache," Hawe akasema.

"Kwa nini nimwache? Si anapenda kuandika?"

Hawe alikuwa amekaa chini, anachambua mbegu kwenye ungo bila kuona, kwa ncha za vidole tu. Nilimwuliza zimebaki ngapi nzima. Akasema zinatosha, mtu akiwa na mahali. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Asubuhi unaanza kuita kibanda gani?"

"Cha kwanza. Chenu ni cha mwisho mstari wa tatu."

"Na bwana huja nawe?"

"Haji. Hutazama kitabu."

"Hutazama kitabu," akarudia. Akaendelea kuchambua.

Nililala usiku huo nikijua. Asubuhi nilizunguka kama kawaida, nikiita na kuandika, mpaka mwisho wa mstari wa tatu. Kibanda kilikuwa kimefagiwa. Ungo haukuwapo, kibuyu hakikuwapo, na kwenye matope nyayo mbili, kubwa na ndogo, zilikuwa zinaelekea mtoni, kwenye ardhi yao wenyewe, ambako majivu ya nyumba yao yalikuwa yamekwisha nyeshewa na udongo haukuhitaji kufyekwa. Mbegu zilichelewa siku mbili tatu kwa hesabu ya Hawe. Aliona ni afadhali kuchelewa siku tatu kuliko mwaka.

Nilisimama mlangoni na kalamu. Adhabu ya kuvuka mto niliijua, kwa kuwa ndimi niliyeitafsiri. Anayeandikwa *hawapo* hufuatwa na askari kabla ya saa sita, na shamba lake hung'olewa. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa kwa bwana peke yake. Nilikuwa nimeandika kweli kwa miezi kadhaa, kwa hati safi, na kweli ile ilikuwa imechukua darubini, imemfukuza mtu mwema, imefunga mikono ya watoto. Niliandika: *Watu wawili. Wapo.* Nikapuliza wino ukauke. Nikafagia zile nyayo kwa mguu wangu mpaka kwenye majani.

Niliandika *wapo* kesho yake, na kesho kutwa, na juma lililofuata. Baada ya muda kibanda cha pili kikawa kitupu, kisha cha tatu, nao nikawaandika wapo. Bwana alitia sahihi kila Jumamosi. Safu ya nne niliijaza mawingu na upepo.

Wengi hawakuvuka. Waliogopa fimbo, na wengine waliamini mnyororo ungefika. Hao ndio ninaowafikiria ninapopandwa na ghadhabu, kwa sababu walitii. Mvua iliisha. Kilimia kikazuka alfajiri upande wa mashariki, kwenye mbingu kavu, kama msemo unavyosema. Nilikiona peke yangu nikienda kutawadha. Juma hilo hilo mpima ardhi akafika, na mnyororo wake, na vijana wa kushika bendera. Alifanya kazi nzuri. Mafungu yalikuwa sawasawa kweli kweli. Vigingi vilipigwa katika udongo mgumu kama kigae, nyundo ikiruka, na watoto wa waliotii walisimama wakitazama, matumbo yamewavimba, miguu kama fito.

Siku hizo mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka kwa siri alipita karibu nami kisimani. Hakusimama. Alisema, kama anayezungumza na ndoo yake, "Mahindi ya Hawe yamenifika kifuani. Ametwambia tumwambie yule wa kitabu."

Mpima ardhi alipofika fungu la kibanda cha mwisho cha mstari wa tatu aliuliza ni la nani. Nilifungua kitabu, nikamsomea nambari. Akapiga kigingi, akakitikisa kuona kama kimeshika, akaniuliza wenyewe wako wapi.

"Wapo," nikasema.